Mapazia ya Manjano

Manjano yakikutana na maji ya moto hutoa harufu ambayo sijawahi kuizoea. Ni harufu ya shamba lililotoka kulimwa, ina ukali kidogo wa tangawizi ndani yake, na ikishakuingia puani haitoki upesi. Wenzangu wakiinusa wanakumbuka mchuzi wa samaki. Mimi moyo unanipiga paa! Kwa muda mfupi mimi si mama wa watoto wawili ninayeishi Morogoro mjini na kupamba kumbi za watu. Ni mtoto wa miaka kumi, nimesimama katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama kule Matombo, mikono yote miwili ya njano hadi kwenye viwiko, nikisubiri kusifiwa. Nimezeeka kiasi, nimeona mengi, lakini mshtuko wa siku ile haujanitoka mwilini hata leo.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mama alikuwa akifanya kazi mjini, na kila shule zilipofungwa alinipeleka kwa Bibi na begi langu na maonyo mengi ambayo niliyasahau kabla gari halijageuza. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, bati juu, imekaa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba chungwa likikudondoka mlangoni unalifuata hadi kijitoni. Nyuma migomba, ubavuni migomba, mbele kiwanja kidogo kilichofagiliwa hadi kikalainika. Vuli ya mwaka ule ilikuwa na hasira. Mvua ilianza kuvuma huko juu mlimani, unaisikia inateremka kwenye majani ya migomba kabla haijakugusa, halafu inafika kwenye bati na mazungumzo yote yanakoma. Katika chumba cha Bibi, chini ya dirisha, kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli. Ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la khanga yake na hakuuacha hata alipokwenda kuchota maji. Nilipomuuliza mna nini mle alinijibu, "Mna vyangu. Toka hapo." Na Bibi akikwambia toka, ulikuwa unatoka.

Mwaka ule Mama Mdogo Rehema, mdogo wake mama yangu, alikuwa anaposwa. Kijana alikuwa anafanya kazi Mzumbe, na mshenga wake na wazee wawili walikuwa waje Jumamosi alasiri kuleta barua ya posa. Bibi alihangaika wiki nzima juu ya chakula. Mimi nilihangaika juu ya nyumba. Niliutazama ukuta wa chumba cha mbele ulivyobabuka chokaa, nikatazama madirisha yalivyokuwa mbao tupu, nikatazama meza yenye alama nyeusi ya sufuria, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Watu watoke Mzumbe, kwenye chuo, waje kukaa hapa? Si watageuza na barua yao! Nilikuwa mtoto wa mjini, nina maringo ya mjini, na niliamini kabisa kwamba harusi ya Mama Mdogo iko mikononi mwangu.

Kupamba nilikuwa nimejifunza wiki ile ile kwa jirani yetu, Mama Getruda. Yeye alikuwa Mkatoliki, na kila Krismasi ilipokaribia ndiye aliyepamba kanisa, kwa khanga na vitenge alivyoazima nyumba hii viwili, nyumba ile vitatu, vya Wakristo na vya Waislamu bila kubagua. Kwa kuwa vilikuwa vya watu, sindano wala mkasi havikuruhusiwa kuvigusa. Alikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko juu ya dhambi. "Sindano ikiingia umeshaharibu nguo ya mtu," aliniambia. "Wewe kunja, funga, ninginiza. Krismasi ikiisha unafungua, kila mtu anarudishiwa chake kama alivyokitoa." Alinionyesha namna ya kukunja marinda na kuyabana kwa kamba ya katani. Alinionyesha namna ya kuweka kokoto katikati ya kitambaa, kuizungushia ufumwele wa mgomba na kuivutia nguo yote pale hadi litokee ua. Kwa kitambaa chake mwenyewe kilichochakaa alinifundisha kuchomoa nyuzi za pembeni, uzi mmoja mmoja, mpaka pakabaki matamvua yanayocheza. Na aliniambia, kwa bahati mbaya yangu, kwamba kitambaa cheupe kilichofungwa kokoto kikichovywa kwenye maji ya manjano kinatoka na duara nyeupe kama batiki.

Jumamosi asubuhi Bibi alirudi kisimani amelowa chapachapa. Akabadilisha khanga haraka, ile mbichi akaitupia kwenye kamba ya barazani, akamwita Mama Mdogo wakavuka kijito kwenda shamba kukata ndizi za wageni. Wakaniachia kazi ya kufagia. Nilifagia. Nilipofika barazani nikaona kwenye pindo la khanga iliyolowa kifundo kidogo, kinaning'inia, kinadondosha maji. Ufunguo. Sitasema shetani alinipitia, maana shetani hakuwa na haja ya kuja. Nilijiambia kwamba sanduku la Bibi lazima lina nguo nzuri, kwamba nguo nzuri ndiyo inayotakiwa leo, na kwamba nitazirudisha kama zilivyokuwa bila tundu hata moja la sindano. Mama Getruda mwenyewe angesema nini juu ya hapo?

Nilipofungua kifuniko, harufu ya karafuu na udi ilinijia usoni. Juu palikuwa na msahafu uliofungwa kwenye kitambaa, nikauweka kitandani kwa adabu. Chini yake palikuwa na bafta, nyeupe, mpya, haijavaliwa hata siku moja, imekunjwa na kufungwa kwa vikanda vya bafta ile ile. Niliikunjua nikahesabu vipande vitano. Vilikuwa vikubwa isipokuwa kimoja kilichokuwa kama mtandio. Hapakuwa na hata kipande kimoja chenye mshono. Kimoja kilikuwa na tundu katikati, nikasema panya hawa, jamani, hawana hata haya! Nikafurahi mpaka nikaruka. Kumbe Bibi ana mali hii, halafu tunakaa na madirisha matupu?

Nilifanya kazi kama niliyetumwa na serikali. Nilitwanga manjano makavu kwenye kinu kidogo, nikachemsha maji, nikayamimina kwenye beseni. Nikafunga kokoto kwenye vile vipande vikubwa, kuanzia katikati kwenda chini, nikachovya nusu ya chini tu ili juu pabaki peupe. Kile kidogo nilikifunga kokoto pote nikakichovya chote. Nilipofungua na kuona zile duara nyeupe kwenye njano, nilipiga kelele peke yangu. Vipande viwili vikawa mapazia ya dirisha, marinda yamebanwa kwenye kamba ya katani. Kile chenye tundu nilikikunja tundu lisionekane, nikakitandaza ukutani pale chokaa ilipobabuka. Kingine nilikining'iniza kwenye mlango wa chumbani, nikachomoa nyuzi kwa chini hadi nikapata matamvua ya urefu wa kidole. Vile vikanda nilivifunga maua, nikavibana juu ya kila dirisha. Cha njano nikakitandika mezani juu ya alama ya sufuria. Nikasimama mlangoni nikatazama. Wallahi, nimepamba kumbi nyingi tangu siku ile, na sijapata tena kuridhika vile.

Bibi alikuja akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Akaingia. Mkungu ukaanguka. Haukuteleza, la, aliuachia tu, ukapiga sakafu, ndizi zikatawanyika hadi chini ya meza. Hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango, akatazama dirisha, akatazama ukuta, akatazama meza, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Halafu nikamsikia, "Lahaula... lahaula wala kuwata..." Akakaa pale pale kizingitini. Mimi nilidhani ni furaha imemzidi. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie kwamba sikutumia hata sindano moja, ndipo ikasikika sauti ya mwanamume kutoka njiani, "Hodi, wenyewe! Hodi!" Wageni walikuwa wamewahi. Bibi alifumba macho. Alipoyafumbua aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibuni. Karibuni ndani."

Wakakaa. Mshenga alikuwa mzee mcheshi, na aliketi kiti kilichokuwa chini ya dirisha kabisa, pazia likimgusa bega. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, na macho yao yakawa yanazunguka. "Mashaallah," akasema mshenga, akilishika pazia kwa vidole viwili, "nyumba imependeza. Nani fundi?" Mimi nikajibu kabla ya mtu yeyote, "Mimi, babu." Akacheka, akasema nyumba yenye mtoto kama huyu si nyumba ya kuiacha. Wakati huo Mama Mdogo Rehema akaingia kutoka uani na sinia la vikombe, amejitanda, ameinamisha uso kama anavyotakiwa mwari anayeposwa. Akainua macho mara moja kuangalia njia. Akaliona pazia. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia, ngiringiri, ngiringiri, na uso wake ukapauka. Wageni wakadhani ni haya, wakafurahi zaidi. Bibi akampokea sinia, akamwambia polepole, "Nenda, mwanangu. Nenda kakae." Barua ikatolewa, ikapokewa, dua ikasomwa, watu wakanyanyua mikono chini ya kazi yangu. Hakuna aliyejua isipokuwa wale wawili.

Wageni walipokwisha kushuka mteremko, Bibi aliniita. Nilikwenda mbio, nikijua ndiyo sifa zinakuja. Alinikalisha kwenye mkeka, akachukua ncha ya pazia, akaiweka mkononi mwangu. "Zai, hii ni nini?" Nikasema ni bafta. "Ni sanda yangu," akasema. "Kaka yangu, Mungu amrehemu, aliniletea kutoka Makka alipokwenda Hija. Imechovywa maji ya Zamzam. Hiyo ndiyo nitakayovaa siku nikifa. Kwenye hicho chenye tundu nitapitishwa kichwa." Nilikuwa nimeshika ile nguo na mikono haikutaka kuiachia wala kuishika. Nilitazama ukuta nikamwona Bibi pale, nikatazama meza ambapo mshenga aliweka kikombe chake nikamwona Bibi pale. Sanda haishonwi. Hupasuliwa, hukunjwa, hufungwa kwa vikanda, basi. Ndiyo maana iliukubali ujuzi wangu kirahisi namna ile. Nilimwomba Bibi anichape. Akasema hana nguvu hiyo, nimsaidie kufungua. Tukakaa wawili tukafungua fundo moja baada ya jingine, na kokoto tukazirudisha nje.

Kesho yake kulipokucha nilijitia akili. Nilichukua beseni, nikachukua sabuni ya mche, nikakitumbukiza kipande cha kwanza, nikakisugua kwa nguvu zangu zote. Na hapo, mbele ya macho yangu, ile njano ikageuka nyekundu. Si nyekundu ya maua, la. Nyekundu ya damu! Maji mekundu, mikono yangu myekundu, sanda ya Bibi nyekundu inanitazama ndani ya beseni. Nilipiga ukelele ambao naamini ulisikika ng'ambo ya kijito. Nilijua kwa hakika kwamba nimemuua. Mama Getruda alitokea migombani na panga mkononi akidhani nimeumwa na nyoka, na Bibi alitoka na mswaki mdomoni, akaona beseni, mswaki ukaanguka. Mama Getruda akachungulia beseni. "Manjano na sabuni hayapatani," akasema, naye mwenyewe akihema. "Leteni ndimu." Akakamua ndimu tatu. Wekundu ukarudi njano mbele yetu, polepole, na mimi nikakaa chini kwenye tope nikalia. "Hii haiondolewi na mkono wa mtu," Mama Getruda akatuambia. "Jua ndilo linalokula manjano. Anikeni, mwanike tena, mpaka lishibe."

Jua! Katika vuli ile! Siku tatu mfululizo hatukuliona hata kwa dawa. Na siku ya nne Bibi akaanza kukohoa. Alikuwa amelowa kisimani, amelowa shambani, na kama si mvua basi ni mshtuko niliompa. Homa ikampanda, kifua kikabana, akalala. Mganga wa zahanati akampa vidonge, akasema apumzike. Mimi nilichosikia ni kwamba anakufa. Na kama anakufa leo, atavishwa nini? Atakwenda mbele ya Mola wake na madoa ya njano mwili mzima, aulizwe ni nani aliyefanya hivi, aseme ni Zai. Nilikosa usingizi, nilikosa njaa. Nilikaa barazani na ile bafta mapajani nikitazama mlima, na kila wingu lilipopasuka kidogo nilikimbia kuitandaza kwenye nyasi, nikatandaza kipande cha pili, na kabla sijatandaza cha tatu naisikia mvua inateremka migombani. Nakusanya, narudi. Nakwenda, nakusanya, narudi. Bibi kutoka kitandani alikuwa ananiuliza, "Limetoka?" Nami najibu, "Linakuja, Bibi. Usife kwanza." Nilimwambia hivyo hivyo, kwa mdomo wangu.

Halafu asubuhi moja likatoka kweli. Jua jeupe, mbingu safi, milima yote imesimama wazi. Nikavitoa vipande vyote vitano, nikavitandaza mbele ya nyumba kwenye nyasi, na kwa kuwa Bibi alikuwa amekataa uji asubuhi ile, nilikuwa nikivitandaza huku nalia. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha juu akapita njiani na mzigo wake wa viazi. Alijua Bibi anaumwa, kijiji kizima kilijua. Kutoka kule njiani, katika jua lile, njano haikuonekana; akaona bafta tu, akahesabu vipande, akaona mtoto analia. Akatua mzigo, akashika kichwa kwa mikono miwili, na akaangua kilio! Mimi nikaacha kulia. Nikajua yeye ameona kitu ambacho mimi sijakiona. Bibi amekufa ndani na mimi niko nje naanika nguo! Nikalia kwa sauti kuliko yeye. Kabla jua halijafika utosini kiwanja kilikuwa kimejaa. Wanawake walikuja wamejitanda, wakakaa chini wakilia. Wanaume wakaja na majembe na sepetu, wakasimama pembeni wakiulizana kaburi lichimbwe wapi. Mama Mdogo alikuwa shamba. Hakuna aliyeingia ndani kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshaingia.

Mlango ukafunguliwa. Bibi akatokea, blanketi mabegani, nywele zimesimama, fimbo mkononi. "Nani amekufa?" akauliza. Vilio vikakatika mara moja, nikasikia maji ya kijito. Mwanamke wa viazi aliteleza kutoka alipokaa akaanguka ubavu. Mzee mmoja akaficha sepetu nyuma ya mgongo. Hatimaye mtu akasema kwa sauti ndogo, "Ni... ni wewe, Bi Mwanaidi." Bibi akawatazama wote, akatazama majembe, akaitazama sanda yake inavyoota jua kwenye nyasi, akanitazama mimi na kamasi zangu. "Sasa mbona mwenyewe sikuambiwa?" akasema. Mama Getruda ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, halafu wakacheka wengine, na mwisho Bibi akacheka, akakohoa, akacheka tena, akashika fremu ya mlango ile ile aliyoishika siku ile ya posa. Tangu Jumamosi ile nilikuwa sijamwona akicheka. Alipotulia akaniambia, "Zai, uko wapi ule uji?"

Alipona. Mvua zikapungua, nikaendelea kuanika mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa, na kila siku njano ilipungua kidogo. Vipande vinne vikawa vyeupe, matamvua yangu tu ndiyo yaliyobaki kwenye kimoja. Kile kidogo, kilichochovywa chote, kilikuwa kigumu, njano yake ikakataa kutoka. Siku ya mwisho nilikitandaza, Bibi akaja akakiokota. "Hiki niachie," akasema. "Nitakianika mwenyewe." Niliondoka Matombo nikiamini kwamba alikianika. Nimeishi miaka mingi nikiamini hivyo, nimeolewa, nimezaa, na kila nilipokwenda kumwona sikuthubutu kuuliza.

Bibi alifariki mwaka jana, katika masika, akiwa mzee sana. Safari hii hakutoka mtu mlangoni kuuliza. Mimi na Mama Mdogo Rehema, ambaye sasa naye ni bibi wa watu, ndio tuliolifungua sanduku na kuwapa waoshaji nguo. Karafuu na udi vilikuwa vile vile. Nilitoa cheupe cha kwanza, cha pili, cha tatu chenye tundu, cha nne chenye matamvua. Nikatoa cha tano, nikakisogeza mlangoni kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe pe, na bafta yake ilikuwa ya jora jingine, mpya kuliko zile. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona chini kabisa kuna kifurushi kimefungwa kwenye kaniki nyeusi. Nikakifungua, na nilichokiona kilinikalisha kitako. Ilikuwa njano. Njano kali, njano ya siku ile ile, na duara zake nyeupe zote, kana kwamba haijaguswa na jua hata siku moja.

"Ni chako," Mama Mdogo akasema. "Alinunua kingine cha kujazia mwaka ule ule. Hiki alinikataza kukianika, akaniambia siku hiyo ikifika nikupe." Nikamuuliza kwa nini, jamani, kwa nini, na mimi nimekaa miaka yote hii na dhambi hii kifuani! Akanifuta machozi kwa khanga yake. "Alisema zamani kila akilifungua sanduku hili alikuwa anaogopa. Tangu ulipomtundika dirishani, akilifungua anacheka."

Sasa kazi yangu ni hiyo hiyo, kunja, funga, ninginiza. Vijana wanaonisaidia wanajifunza kwenye simu, wana gundi za moto na pini za kila aina, na kwa nusu saa wanatoa ua ambalo Mama Getruda angelifanya asubuhi nzima. Yanapendeza, sisemi uongo. Ila sherehe ikiisha wanayakata na kuyatupa, na mimi nazunguka nyuma yao nafungua mafundo, wananicheka. Watoto wangu hawajui sanda inakaaje. Siku hizi mtu akifa mjini anatumwa kijana dukani, inarudi ndani ya mfuko, inakunjuliwa mara moja tu. Hakuna tena mtoto anayekua akiwa amelala chumba kimoja na sanda ya bibi yake, na hakuna anayeweza kukosea kama nilivyokosea mimi. Sijui niwaonee wivu au huruma.

Kile kitambaa nilikificha kabatini, ndani ya kaniki yake, nikaapa kwamba hakitaona jua mpaka nife. Wiki iliyopita nilirudi kutoka sokoni, kapu mkononi, nikafungua mlango wa sebule. Binti yangu, ana miaka tisa, alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono nyuma, anatabasamu. Dirishani, kwenye jua la saa nane la Morogoro, kilikuwa kimetundikwa kwa marinda mazuri kabisa, na upande uliotazama nje ulikuwa umeshaanza kupauka. Kapu likaanguka. Nyanya zikaenda hadi chini ya kochi. Nilishika fremu ya mlango, mdomo ukafunguka, na maneno yote makali niliyokuwa nayo yakaja mpaka kwenye ulimi. "Mama, sijatumia hata sindano," akasema haraka, kwa kuwa alishaniona uso. Nilikaa pale kizingitini, nikalitazama pazia. Halafu nikamwambia aende jikoni, kwenye kabati la juu, akaniletee manjano.